Kwa Kuwa Hakutuaibisha

…na kama watanivua ukatibu kwa ajili ya mstari mmoja, na wanivue tu, miaka thelathini na mmoja inatosha, aliwaza Verlene Stokes, amesimama nyuma ya meza ya matangazo na karatasi yake mkononi, akisubiri kwaya imalize, na kwaya haikuwa na nia yoyote ya kumaliza, kiitikio kile kile mara ya sita sasa, mara ya saba, Mchungaji Whitlow amefumba macho na kuzungusha kidole hewani, maana yake rudieni, na yule mpiga kinanda hahitaji kuambiwa mara mbili, basi Verlene akabaki wima mbele ya watu mia mbili na ushee wa kanisa la Kibaptisti la Mlima Pisga, kofia ya zambarau kichwani, miwani puani, mgongo umenyooka, kwa sababu mtu akisimama mbele ya watu anasimama, hainami kama anayetafuta kitu alichoangusha, na ana umri wa miaka sitini na minane lakini hakuna aliyewahi kumwona akiegemea meza hii, hakuna… Leo ni Jumapili ya mwisho, Ijumaa rais wa kwanza mweusi wa nchi hii anafungasha na kumwachia mwingine ile nyumba, na Mlima Pisga limeamua kumtumia azimio la shukrani, na azimio lolote la kanisa hili anaandika yeye, anasoma yeye, tangu enzi za mashine ya kuchapa iliyokuwa inaruka herufi ya e. Azimio si barua. Barua anaandika mtu yeyote, hata mwenye hasira, lakini azimio lina mwendo wake, kwa kuwa hiki, na kwa kuwa kile, na kwa kuwa kile kingine, unawapandisha watu ngazi moja moja mpaka wafike kwenye basi na iazimiwe, hapo amina inawatoka wenyewe, na likiwa la msiba nakala moja wanapewa wafiwa, nakala nyingine inalala kabatini, na kabati hilo Verlene amelijaza mwenyewe, wafu wa Mlima Pisga wote wamo humo, kila mmoja na kwa kuwa zake, hata mzee Cleophus Dandridge ambaye alikuwa mgumu kumtafutia hata moja, akamwandikia kwa kuwa hakuchelewa ibada, na ilikuwa kweli.

Wafu, ndiyo, hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana Alhamisi alipoipeleka rasimu ya kwanza kwa kamati alikuwa ameichapa juu ya azimio la msiba wa Mama Ola Simmons, jina ametoa, tarehe ametoa, na mengine hakuyaona, watu tisa wameketi chumba cha chini cha kanisa na kahawa zao wakasoma kwamba kwa kuwa imempendeza Mungu kumwondoa katikati yetu rais wetu mpendwa, na chini kabisa, basi na iazimiwe kwamba tunainama kwa unyenyekevu chini ya mapenzi yake yeye asiyekosea, Shemasi Bell akacheka mpaka kahawa ikampalia, “Dada Stokes, hata wabaya wake hawajathubutu kumzika,” na Janelle, yule mwalimu kijana wa shule ya Jumapili, akasema ule mstari wa kuinama ubaki, tutauhitaji kuanzia Ijumaa, na hapo walicheka wote, hata Hosea, kaka yake Verlene, alicheka, Shemasi Hosea Gaines ambaye sasa yuko pale benchi la mbele la mashemasi, wa kwanza kutoka ukutani, hapigi makofi, hatikisi kichwa… ilikuwa mara ya mwisho kucheka jioni ile. Maana kisha walianza kuzipitia kwa kuwa moja moja, na Verlene, aliyedhani watu wa kanisa moja, rangi moja, waliopanga foleni moja kumpigia kura mwaka ule kwenye ukumbi wa zimamoto mpaka miguu ikavimba, wangelipitisha azimio kabla kahawa haijapoa, akagundua kwamba kila mmoja alikuwa na rais wake. Kwa kuwa alikula kiapo mara mbili na akakitimiza, sawa, likapita. Kwa kuwa wagonjwa wengi walipata njia ya kumfikia daktari, Shemasi Bell akasema hilo aandike kwa herufi nene, mke wangu ugonjwa wake wa figo uligunduliwa mapema kwa sababu ya bima ile, likapita. Kwa kuwa alikuwa mume wa mke mmoja na baba anayeonekana nyumbani kwake, likapita na amina juu. Kwa kuwa alisimama na waliofiwa kule Carolina, baada ya waumini tisa weusi kuuawa wakiwa kwenye somo la Biblia, akaimba nao, likapita. Halafu kwa kuwa alitetea haki za watu wote, Hosea akaweka kikombe chini, akafungua Biblia yake iliyoshonwa mgongo kwa uzi, akasoma juu ya mume na mke, maana haki hizo ni pamoja na ndoa za jinsia moja, akasoma taratibu, bila kupaza sauti, akasema mimi nilimpigia kura mara mbili, na mara ya pili kwa shingo upande, sitasimama kanisani kushukuru kwa kile ambacho bado nakililia mbele za Mungu, na Verlene alijua halikuwa igizo, kaka yake hana maigizo. Likatoka. Kwa kuwa alitafuta amani, Janelle akauliza amani gani, kuna akina mama kule mbali walioletewa watoto wao vipande vipande na ndege zisizo na rubani, na hapa hapa shuleni ninakofundisha siku za kazi nina viti saba vitupu ambavyo wenyewe walirudishwa makwao pamoja na wazazi wao, wasabato wawili, wakatoliki watano, wote wakiomba Mungu huyu huyu, basi hilo la amani mkaliandike kwenye kadi ya Krismasi. Likatoka. Na Ndugu Pruitt, ambaye hakuna kikao anachoridhika nacho, akasema yeye hataki azimio kabisa, kanisa halimshukuru Kaisari, kanisa linamwombea, akaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba amepinga, alitaka aandikwe.

Hakuwalaumu, si hapo, aliandika yote, kila mtu na aya yake, tena kuna kitu kilimpandisha kifua, aseme ukweli, kuona watu tisa wakibishana habari za rais wa nchi juu ya meza ile ile ambapo baba zao walikuwa wakikutana kunong'ona jinsi ya kujiandikisha kupiga kura bila kuchomewa nyumba, wakibishana kwa sauti, mlango wazi, sisi, wetu, mtu wetu mwenyewe na tunamkosoa kama wenye nyumba… Kwaya imepanda nusu sauti. Walionesha dalili ya kumaliza, kisha yule binti wa Shemasi Bell akachukua kipaza sauti tena, haya, mara ya tisa. Karatasi mkononi ilikuwa na kwa kuwa nne zilizopigwa chapa, na katikati ya ya tatu na ya nne kulikuwa na mstari mmoja wa penseli, mwandiko wake mwenyewe mdogo ulionyooka, ameuandika asubuhi hii kwenye gari kabla hajashuka, nao ndio ungemvua ukatibu, kwa sababu ulikuwa umepigiwa kura Alhamisi ukatolewa, watano kwa wanne, na katibu hasomi kilichotolewa, hajawahi, katibu anayeongeza neno lake ni mwongo mwenye kalamu, yeye mwenyewe amewafundisha hivyo makatibu wa makanisa matatu. Kwa kuwa kwa muda wa miaka minane hakutuaibisha. Hilo tu. Katika yote aliyoandika juu ya mtu huyu hilo ndilo alilokuwa amelitunga kwanza, kabla ya bima, kabla ya kiapo, akikata mboga za majani jikoni lilimjia zima zima, akaweka kisu chini akalia, kwa sababu ni nani asiyejua, ni nani mweusi katika Alabama yote asiyejua maana yake, mama anakufunga utepe kichwani, anakupaka mafuta magotini, anakushika kidevu mlangoni na neno la mwisho si kwaheri, neno la mwisho ni usituaibishe, ukienda dukani usituaibishe, ukipewa zawadi na shule usituaibishe, habari ikitangazwa kwenye redio kwamba mtu ameiba benki nyumba nzima inaacha kutafuna, ee Bwana, mwizi huyo asiwe wetu, na akiwa wetu, kesho unakwenda kazini macho chini kana kwamba uliishika ile bunduki wewe… na huyu, miaka minane, wanamtafutia kosa kwa tochi mchana kweupe, wanamuulizia cheti cha kuzaliwa, wanamchora nyani, na yeye anashuka ngazi za ndege yake bila kushika chuma, suti imekaa, mke pembeni, watoto wamechana nywele, anasalimia. Verlene alikuwa akiizima sauti ya televisheni ili amtazame tu akitembea. Wanawake wa rika lake wote walifanya hivyo, muulize yeyote. Halafu wiki iliyopita Carolyn, katibu wa lile kanisa la wazungu ng'ambo ya uwanja wa mahakama, ambaye wamepelekeana barua za uhamisho wa washirika kwa miaka ishirini na kila Krismasi anamletea keki ya njugu za pekani, akampigia simu kuhusu barua fulani na mwishoni akasema, kwa upole, kwa upole kabisa, sisi tumekuwa tukiomba siku hii ifike, Verlene, usinielewe vibaya, na Verlene akasema sikuelewi vibaya, Carolyn, nakuelewa vizuri, akakata simu, na akajua azimio lazima liwe na mstari ule, lazima, hata kama hauna aya ya Biblia chini yake.

Na aliyeutoa ni nani, Hosea. Damu yake. Si Pruitt, si Janelle, Janelle alipiga kura ubaki, alisema hilo hata mimi siwezi kumnyima, ni Hosea, aliusikia ukisomwa, akaacha kutafuna, alikuwa na peremende mdomoni kama kawaida yake, taya likasimama, akasema, “Liondoe hilo, Lene,” na Shemasi Bell akamuuliza kwa nini, akasema liondoeni, nawaomba, na wazee watatu wanaomfuata Hosea hata akienda kunywa maji wakainua mikono, pamoja na Pruitt, watano. Verlene alitoka pale bila kumuaga. Leo asubuhi walipishana kwenye maegesho, akamwambia habari ya asubuhi, Shemasi Gaines, cheo, si kaka, na alimwona ilivyomchoma, akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi mpaka mlangoni. Farisayo. Miaka sabini na mitano na bado anampima kila mtu kwa ile Biblia yake yenye uzi, mtu amebeba watu milioni arobaini mgongoni miaka minane hajajikwaa na wewe unamnyima nusu mstari kwa sababu ya ndoa za watu usiowajua, basi leo utausikia, utausikia ukiwa umekaa benchi la mbele na huwezi kutoka… ndivyo alivyoandika Alhamisi hata kwenye kumbukumbu, wakili asingeandika vizuri zaidi, Shemasi Gaines, kwa kutegemea Mwanzo sura ya pili, aliomba neno haki liondolewe, na chini yake, Shemasi Gaines aliomba mstari wa kutuaibisha uondolewe, bila kutoa sababu. Bila kutoa sababu. Aliliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, katibu anaandika kilichosemwa, na kama hakikusemwa anaandika kwamba hakikusemwa, na wote waliokuwa pale walidhani sababu ni ile ile ya ndoa, amemwaibisha nani, ametuaibisha mbele za Mungu, na yeye Verlene ndiye alidhani kwa nguvu kuliko wote, lakini Hosea hajawahi kupinga kitu bila aya, hata rangi ya zulia alipinga kwa aya, na pale hakugusa Biblia. Ilikuwa imefungwa. Viganja vyake vilikuwa juu ya meza, vyote viwili, wazi, na taya limesimama, na Verlene, amesimama mbele ya watu mia mbili na kwaya ikiimba, akaliona taya lile sehemu nyingine, ghafla, bila kulitafuta, juu ya meza ya kitambaa cha mpira cha maua mekundu, mwaka sitini na moja, yeye ana miaka kumi na miwili na mkate wa mahindi mdomoni.

Hosea alikuwa amelala siku nne rumande. Yeye na wenzake watatu wa chuoni walikuwa wameingia duka la mtaa mkuu, wakakaa kwenye viti vya mzunguko ambavyo vilikuwa vya wazungu, wakaomba kahawa, suti za Jumapili, vitabu mkononi, wakamwagiwa sukari na sosi vichwani na hawakunyanyua mkono, na walipotoka rumande Hosea alirudi nyumbani na shati lile lile, kola imekuwa ya kahawia, anatabasamu, Verlene alimkumbuka anatabasamu mlangoni, kijana mrefu wa miaka kumi na tisa aliyekuja kutazamwa. Na baba asubuhi ile alikuwa ameitwa na mkuu wa ile shule ya wazungu aliyoifagia miaka kumi na sita, akaambiwa arudishe funguo. Baba hakupiga kelele, afadhali angepiga. Walikaa mezani, mama akapakua, baba akaomba baraka ya chakula, akasema amina, kisha akasema bila kuinua macho, “Umetuaibisha.” Hosea akaacha kutafuna. Viganja juu ya meza. Akangoja, sasa Verlene aliona kwamba alikuwa anangoja, alimtazama mama, mama akaongeza chumvi kwenye maharage, alimtazama yeye Verlene, aliyekuwa amempa lile shati la Jumapili likiwa limepigwa pasi, aliyekesha madirishani siku nne akijivuna kwa kila mtoto wa mtaa kwamba kaka yangu yuko jela, na Verlene akameza mkate wake akaangalia maua mekundu. Wiki iliyofuata Hosea yuko Detroit. Miaka sita kiwanda cha magari, hakuandika, akarudi kumzika baba, akakaa benchi la nyuma kabisa msibani, na lilisomwa azimio, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, na Hosea akasema amina pamoja na wengine. Kisha akabaki. Akaoa, akawa shemasi, akazeeka, hajawahi kulitaja, na mji ulipoweka kibao cha kumbukumbu pale lilipokuwa duka hakwenda kwenye uzinduzi, alisema mgongo unamuuma, na Verlene alikwenda badala yake na kofia mpya akapiga picha… na Alhamisi mimi nikalichukua neno lile lile, nikalivika suti, nikamsomea usoni.

Kwaya ilikuwa imeshuka sasa, wanaimba kwa kunong'ona, lakini kidole cha mchungaji bado kinazunguka. Verlene aliutazama mstari wake wa penseli kati ya mistari ya chapa na kwa mara ya kwanza aliusoma kama ambavyo angeusikia mtu wa benchi lile, hakutuaibisha, maana yake angeweza, maana yake tulikuwa tumekaa miaka minane tunamsubiri, mikono kifuani, na yeye na mama na baba na mtaa mzima wote tuko upande ule wa meza, na huyo mwanamume anayeshuka ngazi za ndege bila kushika chuma naye pia aliambiwa na mtu mlangoni, ameshikwa kidevu… na bado nampenda, aliwaza, na Ijumaa nitakaa mbele ya televisheni nimtazame akiondoka na nitalia mpaka kofia ianguke, najivuna naye, najivuna mpaka naumwa, hilo halina wa kuniondolea kwa kura, watano kwa wanne au mia mbili kwa mmoja, lakini kujivuna kule na neno hili si kitu kimoja, nilidhani ni kimoja. Akaichomoa penseli sikioni chini ya kofia. Akayakata maneno yale kwa mstari mmoja, ulionyooka, kwa mkono wa katibu, na Hosea kule mbele akaona mkono wake ukienda, hajui unafanya nini, anadhani pengine anaandika, taya lake limesimama, anangoja aibishwe kwa mara ya pili mbele ya watu wote na hataondoka, atakaa pale pale na viganja juu ya magoti kwa sababu ndivyo anavyofanya, ndivyo alivyofanya kwenye kile kiti cha duka na sukari ikimwingia masikioni, na kifua cha Verlene kikajaa hata hakujua aweke wapi pumzi, huyu, wangu, huyu hapa, nimekaa naye kanisa moja miaka hamsini nikiwapigia watu wa kwenye televisheni makofi. Kila kikao cha kanisa hufunguliwa kwa kumbukumbu za kikao kilichopita, katibu anasoma, kisha anainua macho na kuuliza kama kuna marekebisho, na kwa kawaida hakuna, watu wana njaa, lakini akitokea mmoja aliyekuwepo akasema sivyo ilivyokuwa, hata iwe imepita miaka mingapi, kitabu kinafunguliwa na kosa linakatwa, na aliyekuwepo kwenye meza ile ya maua mekundu na bado yuko hai, ukimwacha Hosea mwenyewe, ni mmoja tu. Kwaya ikachukua kiitikio tena, mara ya kumi na moja, ya kumi na mbili, hakuwa akihesabu. Nitasoma zile nne zilizopitishwa, nitazisoma vizuri, Mungu ambariki anakokwenda, kisha nitashuka hapa niende moja kwa moja mpaka benchi la mbele, kwa yule wa kwanza kutoka ukutani, na sitamwita Shemasi. Kaka, baba alikosea, na mimi nilikuwepo, na nilijua.